Habari Mbaya Ikufikie Kwanza: Mwongozo Kamili wa Kuongoza Ubora na Usalama wa Mgonjwa Hospitalini

Umepewa barua. Sasa wewe ni Mganga Mfawidhi wa hospitali ya rufaa ya mkoa, au Muuguzi Mfawidhi, au umekabidhiwa kitengo cha ubora ambacho ofisi yake ni meza moja nyuma ya stoo ya mafaili. Ndani ya wiki utarithi makabati ya miongozo, vyeti vya semina na mabango ya dira. Viweke kando kwanza, ujiulize jambo moja: mgonjwa akidhurika wodi namba nne usiku huu, wewe utajua saa ngapi, na kupitia kwa nani?

Wapo wakuu wa hospitali wanaosikia habari za kifo kwenye kundi la WhatsApp la kata kabla hawajazisikia kwa watu wao wenyewe. Hospitali hizo si lazima ziwe na wataalamu wabaya. Zimejifunza tu kwamba kupeleka habari mbaya juu ni kujitafutia balaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maneno hayo yanasomeka kama yalivyo, bila fumbo.

Usidhani ni tatizo la hospitali maskini. Katika hospitali ya Stafford, Uingereza, kati ya 2005 na 2009, wagonjwa waliachwa na kiu na mashuka machafu wakati uongozi ukihangaika na kubana matumizi na kupandishwa hadhi. Uchunguzi wa wazi uliosimamiwa na Robert Francis ulitoa ripoti yake Februari 2013, yenye mapendekezo 290. Malalamiko ya familia na ya wauguzi yalikuwepo muda wote. Hayakupata sikio huko juu.

Hatua ya 1: Tembea kabla hujaitisha kikao

Nenda saa nane usiku, siku ya Jumapili, bila msafara na bila kumpigia simu mkuu wa zamu. Hospitali ya saa nne asubuhi na ile ya saa nane usiku ni hospitali mbili, na wewe umekabidhiwa zote.

Fungua bomba uone kama maji yanatoka. Angalia kama kuna sabuni. Mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya kitanda, je, una gesi, na kifaa cha kuufungulia kiko wapi? Fungua troli ya dharura uone kama mfuko wa kumsaidia mtoto mchanga kupumua upo pamoja na barakoa ya saizi yake. Soma kipimajoto cha friji ya damu. Muulize mlinzi ufunguo wa thieta uko kwa nani usiku huo, kisha hesabu dakika hadi ufunguo ufike.

Halafu keti. Usisimame mlangoni kama mkaguzi. Mwambie muuguzi wa zamu: "Sista, hapa usiku kitu gani kinakutia hofu?" Atasema hakuna, kwa sababu hakujui. Uliza tena kwa njia nyingine: "Mara ya mwisho mgonjwa kuponea chupuchupu hapa, ilikuwaje?" Kisha nyamaza. Ukimya wako ndio utakaofanya kazi.

Andika alichosema, na kesho yake kabla ya saa sita mchana rekebisha kitu kimoja, hata kama ni balbu. Wakiona balbu imekuja, ziara inayofuata watakwambia jambo la pili, ambalo kwa kawaida ni kubwa zaidi. Ukiandika tu ukaondoka, umewafundisha kwamba kusema ni kupoteza muda.

Hatua ya 2: Soma vitabu vyako mwenyewe

Chukua vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za huduma za afya, vya miezi 12 iliyopita: cha wodi ya wazazi, cha thieta, cha vifo. Vuta mafaili 20 ya wagonjwa waliofariki na uyasome na muuguzi mzoefu pamoja na daktari asiyeogopa kusema. Kwenye kila faili tafuta mambo machache. Dalili za hatari ziliandikwa lini kwa mara ya kwanza? Nani aliitwa, na alifika baada ya muda gani? Kati ya uamuzi wa kupasua na kisu kugusa ngozi zilipita dakika ngapi? Damu iliombwa saa ngapi, ikaning'inizwa saa ngapi? Baada ya mafaili 20 utaona sura ileile ikijirudia, na mara nyingi sura hiyo haimo kwenye mpango mkakati.

Chagua madhara matatu tu ya kupambana nayo mwaka huu. Mtu mwenye vipaumbele kumi na vitano hana kipaumbele. Kwa kila moja weka kipimo kinachoweza kuhesabiwa kila wiki na mtu wa wodini, kwa kalamu, bila kompyuta. Chora mstari kwenye karatasi ya grafu, nukta moja kwa wiki, uubandike pale kazi inapofanyika, siyo nje ya ofisi yako. Usilinganishe mwezi huu na uliopita ukashangilia: nukta mbili zinaweza kupanda au kushuka kwa bahati tu. Subiri nukta kumi na kitu ndipo uzungumze.

Kupima si kazi ya makarani. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 na kuhusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulionyesha hilo waziwazi. Hospitali zilizoendelea na utaratibu wao wa kawaida, ambapo damu inayomtoka mama baada ya kujifungua hukisiwa kwa macho, ziliwatambua takriban nusu tu ya kina mama waliovuja damu nyingi. Zilizotumia mfuko wenye alama za vipimo chini ya mama, na kumpa matibabu yote kwa mpigo badala ya moja moja, ziliwatambua asilimia 93, na visa vikali vikapungua kwa asilimia 60. Mfuko ule ni plastiki tu. Lakini lazima mtu mwenye saini aamue kuununua.

Hatua ya 3: Panga nani anamwambia nani

Hili nitalipita haraka, maana miundo tunayo. Timu ya Kuboresha Ubora ipo kwenye karatasi, na timu ndogo za kila idara zipo. Tatizo ni kwamba timu kuu mara nyingi huongozwa na mtumishi mdogo ambaye hawezi kumwita daktari bingwa kikaoni akaja. Ikalie kiti mwenyewe kwa miezi sita ya mwanzo. Na kwenye kikao cha Timu ya Uongozi ya kila wiki, usalama wa mgonjwa uwe ajenda ya kwanza baada ya kufungua, kabla ya mapato ya papo kwa papo na madai ya bima. Ajenda ya mwisho huliwa na njaa ya mchana.

Neno kuhusu 5S, mbinu ya Kijapani ya kupanga mahali pa kazi. Tanzania ilianza nayo 2007 katika Hospitali ya Rufaa Mbeya kwa msaada wa Wajapani, na maneno yake tumeyakariri: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Ni chombo kizuri kikitumika mahali penye hatari. Nimechoka kuona mishale ya rangi sakafuni na lebo ya "stapla" juu ya stapla, ilhali dawa ya kifafa cha mimba haionekani ikitafutwa. Anza na troli ya dharura, friji ya thieta na stoo ya vifaa vya watoto wachanga. Meza ya Katibu wa Afya inaweza kusubiri.

Hatua ya 4: Fungua njia ya kuripoti, uilinde

Hapa ndipo viongozi wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Fomu iwe nusu ukurasa: nini kilitokea, wapi, saa ngapi, mgonjwa alidhurika au aliponea, unadhani nini kingezuia. Jina la anayeripoti liwe la hiari. Aweze pia kupiga simu au kutuma ujumbe kwenye namba moja inayojulikana, kwa sababu zamu ya usiku yenye wagonjwa 40 haina muda wa insha. Ahidi jibu ndani ya saa 72, na jibu liwe hata mstari mmoja: tumepokea, mtu fulani anafuatilia. Kisanduku kisichojibu hugeuka pango la buibui.

Fomu ya tukio isiingie kamwe kwenye faili la mtumishi. Tangaza hivyo, uandike kwa maandishi, na usaini. Siku moja ukiitumia fomu kumwadhibu aliyeripoti, hutapata nyingine mpaka uhamishwe.

Je, maana yake hakuna nidhamu? Ipo. Lakini tenganisha mambo matatu. Kuna kuteleza: mtu makini kabisa amesoma vibaya lebo. Huyo afarijiwe, na mazingira yarekebishwe. Kuna njia ya mkato iliyozoeleka: wodi nzima imeacha kuhakiki jina la mgonjwa kabla ya kumpa dawa, kwa kuwa wako wawili na wagonjwa ni 60. Hapo ongea nao, ujue kwa nini njia sahihi ni ngumu, uirahisishe. Na kuna kudharau hatari kwa makusudi: mtu amekuja kazini amelewa, au ameitwa mara nne akakataa kuja. Huyo ana kanuni zake za utumishi wa umma na hakuna sababu ya kuzikwepa. Ukishindwa kujua tukio liko kundi gani, uliza: mtumishi mwingine mwenye ujuzi uleule, akiwekwa pale usiku ule, angeweza kufanya vilevile? Ikiwa jibu ni ndiyo, acha kutafuta mtu.

Mwanzoni mwa 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, wagonjwa wawili walichanganywa majina na mmoja akafunguliwa fuvu bila kustahili. Kabla uchunguzi haujakamilika, waliohusika walisimamishwa kazi, mkuu wa hospitali akapelekwa likizo ya lazima, na madaktari wenzao wakapinga hadharani. Umma ulitaka kichwa cha mtu, na hilo ni rahisi kulielewa. Lakini kibandiko cha jina kinachoweza kufungwa mkononi mwa mgonjwa asiye wake hakisimamishwi kazi. Kinamsubiri mtu mwingine.

Dalili kwamba umefaulu itakushtua: ripoti zitaongezeka. Mwandae mwenyekiti wa bodi mapema, la sivyo atadhani umeleta mkosi.

Hatua ya 5: Chambua tukio mpaka lifike kwenye friji

Chukua mfano wa kubuni. Saa tisa usiku, mama ametolewa mtoto kwa upasuaji, ganzi ya mgongoni. Mtaalamu wa usingizi anaomba oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu. Muuguzi anafungua friji, anavuta dawa, anakabidhi. Dakika moja baadaye mama hapumui. Ilikuwa suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli. Wanampumulisha kwa mfuko mpaka nguvu ya dawa inaisha, anapona. Asubuhi kuna minong'ono.

Siku hiyohiyo nenda mwenyewe, shukuru kwamba imesemwa, na hifadhi ampuli. Ndani ya siku tatu waketi watu watano au sita: waliokuwepo, mfamasia, mmoja asiye wa idara ile, na mwenyekiti ambaye si bosi wao wa moja kwa moja. Waanze kwa kupanga matukio dakika kwa dakika bila neno "kwa nini". Kisha waende pale pale, wafungue friji ileile usiku, taa zikiwa kama zilivyokuwa.

Wataona nini? Dawa zote mbili zinahitaji ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8, kwa hiyo zinalala rafu moja. Ampuli zote ni ndogo, za kioo cheupe. Shehena mpya ya mtengenezaji mwingine ilifika wiki ile na hakuna aliyeambiwa kwamba sura imebadilika. Balbu ya chumba imekufa tangu mwezi uliopita. Muuguzi alikuwa zamu yake ya pili mfululizo. Na hakuna desturi ya kusoma jina la dawa kwa sauti kabla ya kukabidhi.

Sasa suluhisho. Barua ya onyo, semina na bango ndizo dhaifu kuliko zote, na ndizo zinazoandikwa kwanza kwa kuwa ni za bei rahisi. Kusoma lebo kwa sauti ni bora kidogo, ingawa kunategemea kumbukumbu ya mtu aliyechoka. Zenye nguvu ni zile zinazofanya kosa liwe gumu kutendeka: suksamethoniamu ihamie kisanduku chenye kifuniko chekundu kinachoshikwa na mtaalamu wa usingizi peke yake, sindano zibandikwe lebo mara tu dawa inapovutwa, na famasia isitoe shehena yenye sura mpya bila sampuli kupelekwa thieta kwanza. Kwa akili hiyohiyo, ondoa ampuli za potasiamu kloraidi kali, inayoweza kusimamisha moyo ikidungwa kimakosa, kwenye makabati ya wodi za kawaida. Kila suluhisho liwe na jina la mtu mmoja na tarehe. Na baada ya siku 30 aende mtu kutazama kwa macho, siyo kusoma taarifa kwamba imetekelezwa.

Vifo vya kina mama na watoto wachanga vina utaratibu wake wa taifa: taarifa ndani ya saa 24, mapitio ndani ya siku 7. Usiuache uwe ibada ya kujaza fomu. Kigezo ni kimoja: mapendekezo ya mapitio ya mwisho, mangapi yamefanyika kabla ya kifo kilichofuata?

Hatua ya 6: Orodha ya upasuaji isimamiwe kwa masikio

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilijaribiwa 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kwa hiyo mtu asikuambie ni kitu cha Wazungu. Watu wa Ifakara walikuwemo tangu mwanzo.

Ila karatasi iliyojazwa si orodha iliyofanywa. Utakuta fomu 100 zimetiwa vema kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, asubuhi moja. Ingia thieta mara moja kwa wiki, simama kimya, sikiliza: walitajana majina? Walisema mgonjwa ni nani na anapasuliwa nini, kazi nyingine zote zikiwa zimesimama? Pamba zilihesabiwa kwa sauti? Na daktari bingwa akikataa kwa sababu "tunafahamiana hapa", mwite ofisini, faragha, ongea naye kama mwenzako. Asipobadilika, hiyo ni kazi yako wewe, usimtume sista wa thieta akapigane naye huku wewe umekaa ofisini.

Hatua ya 7: Mazoezi mafupi, mara nyingi

Fedha za semina za hotelini zipungue. Mradi wa Safer Births uliofanyika kwenye vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza uliwafanya wakunga wajizoeze kwa mwanasesere palepale wodini, muda mfupi, mara kwa mara, huku wakitazama takwimu zao wenyewe. Vifo vya watoto kuzunguka kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Anza na dakika kumi kila makabidhiano ya Jumanne, na hakikisha zamu ya usiku haiachwi nje.

Hatua ya 8: Iambie familia kabla hawajasikia getini

Ndani ya saa chache baada ya madhara, daktari mwandamizi aketi nao. Si koridoni. Awapishe mzee au mama mkubwa wa familia kiti cha mbele, maana ndiye atakayewafikishia wengine. Aseme kilichotokea kwa Kiswahili cha nyumbani, aseme "tunasikitika, poleni sana", aseme kipi bado kinachunguzwa na lini watarudi kukutana. Asibahatishe sababu na asimtaje mtumishi. Kisha siku ile ya ahadi ifike na ninyi mfike. Familia nyingi hazianzi na wakili. Huanza na swali, na wakili huja swali likipigwa danadana.

Na yule muuguzi wa oksitosini? Asirudi zamu usiku ule. Mtu mmoja mzima ampeleke nyumbani, na wewe umpigie simu kesho yake. Watumishi wengine wanatazama unavyomtendea, na hapo ndipo wanaamua kama wataripoti.

Hatua ya 9: Fedha na bodi

Tenga fungu dogo ambalo wakuu wa wodi wanaweza kulitumia bila kikao: balbu, betri, koki ya bomba. Kitakasa mikono, famasia yako inaweza kukitengeneza: kwa lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, jazia maji yaliyochemshwa yakapoa, kaa nacho saa 72 kabla ya kutumia. Mbali na moto, tafadhali.

Bodi iletewe ukurasa mmoja: kisa kimoja cha mgonjwa bila jina, grafu tatu, mapendekezo yaliyokwama na kiasi cha fedha kinachohitajika. Kisa kisomwe kwanza, kwa sauti. Wajumbe wa bodi wana watoto na wazazi wanaotibiwa humohumo.

Hatua ya 10: Jiandae kuhamishwa

Barua nyingine itakuja, pengine kabla ya miaka mitatu. Anza faili la makabidhiano mwezi wa kwanza. Liwe na grafu tatu, orodha ya matukio na suluhisho lililohakikiwa kwa macho, mambo uliyoahidi ukashindwa, namba ya simu ya kuripoti na jina la anayeishika, pamoja na majina ya watu wawili au watatu waliothubutu kukuambia ukweli ulipofika, kama wameridhia kutajwa. Mpeleke mwenzako wodini saa nane usiku, umtambulishe kwa sista wa zamu, kisha wewe utoke nje uwaache wazungumze.